Weldi, springi, tofali au laptopu: uvunje nini kwa projekti yako

Sampuli ya nne ya projekti yangu ya chuo, kipande cha chuma chenye weldi, ilikatikia kwenye taya za mashine ya kuvuta. Weldi yenyewe niliyohangaika nayo wiki tatu, nikaisaga, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, ilibaki nzima kabisa, alafu chuma kikaachia pale pale kinaposhikwa, na kama unaijua hii kazi unajua maana yake, hiyo namba haiingii kwenye grafu, unatupa. Ilikuwa siku ya tano mashine inapiga. Nilikaa juu ya ndoo ya mafuta nikamtuma mtu aniletee rolex, ile chapati ya kuviringisha, ya mayai matatu, nikala yote bila kuongea na mtu.

Miaka imepita. Siku hizi kazi yangu ni kukagua vyuma na zege za watu hapa Kampala, na kila masomo yakifunguliwa mwezi wa nane lazima kuna kijana atanitafuta. Safari hii ni mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa nne mekanika, kanipigia kutoka hosteli: "Mjomba, shikamoo, supavaiza amesema topiki tuchague wenyewe, mi nataka kitu cha nyufa na vitu kuvunjika, nichague nini?" Nikamuuliza una muda mpaka lini, akasema Mei. Una pesa ngapi, akacheka tu.

Basi nikampa maswali manne ya kuchagua, na nimeona niyaandike maana yeye si wa kwanza kuuliza na hatakuwa wa mwisho. La kwanza naliita Weldi: unachomelea mabamba mawili, unayavuta na kuyaachia, kuvuta na kuachia, mpaka yakatike, uone yanastahimili mara ngapi. La pili Springi: unakusanya springi za lori zilizokatika kweli barabarani, unazisoma zimekatikia wapi na kwanini. La tatu Tofali: unavunja tofali za tanuri nyingi uone nguvu zake zinapishana kiasi gani, na kama kipande kidogo ni kigumu kuliko kikubwa kwa udongo ule ule. La nne Laptopu, hapo we huvunji kitu, unaiambia kompyuta ivunje.

Akaruka moja kwa moja kwenye laptopu. Wote wanaruka huko, ntarudi baadaye.

Kwanza tuongee kalenda, maana ndio inaua projekti nyingi kuliko ujinga. Chukua Weldi. Kitu kinachopigwa mzigo mdogo mara nyingi kinakatika siku moja bila kukuaga, hata kama huo mzigo kingeubeba mara moja bila shida yoyote, mafundi wa Katwe hapa Kampala wanasema chuma kimechoka na wanasema kweli, hata kwenye vitabu inaitwa uchovu. Watu waliishtukia hii kitu kwa uchungu: Mei 1842 ekseli ya garimoshi ilikatika karibu na Versailles kule Ufaransa, mabehewa yakawaka moto, wakafa zaidi ya watu hamsini. Baadaye kidogo Mjerumani mmoja wa reli, August Wöhler, akakaa miaka anazungusha ekseli kwenye mashine na kuhesabu, na mpaka leo ile grafu ya mkazo (nguvu kugawanya kwa eneo) dhidi ya idadi ya mapigo wengine wanaiita kwa jina lake. Neno la kushika hapo ni "miaka". Mashine yako ikipiga mara kumi kwa sekunde, na hiyo si mbaya kwa mashine ya kuvuta bamba, mapigo milioni moja ni kama saa 28. Milioni kumi ni siku kumi na moja na nusu. Sasa kwa jaribio la mwanzo tu kiwango cha Wamarekani kinataka sampuli 6 mpaka 12, tuseme 12, kila moja ikifika milioni moja kwa wastani, ni saa 333, yaani siku 14 usiku na mchana bila kupumua. Nani anakuachia maabara usiku? Ukipewa saa nane kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ni zaidi ya wiki nane, na hapo nimehesabu stima haijakatika hata siku moja na hakuna mwanafunzi mwingine anayetaka hiyo mashine, na hakuna sampuli iliyokatikia kwenye taya kama ile yangu. Banange.

(Mtu atasema kuna mashine za kuzungusha, zinaenda 3000 kwa dakika, milioni moja saa tano na nusu unamaliza. Ni kweli, lakini zile zinakula shafti ya mviringo, bamba lenye weldi haliingii.)

Springi kwenye kalenda ni kinyume kabisa, maana muda umeshalipwa na mtu mwingine. Lori la miwa la kutoka mashambani kwenda kiwanda cha sukari Kakira limeshapiga mashimo ya marum miaka mitatu kwa niaba yako, springi imeshachoka, imeshakatika, iko kwenye kona ya gereji inasubiri mtu wa skrapa. We unakuja na mfuko tu. Tofali nayo ni haraka, ukiwa umejipanga unavunja thelathini kwa siku mbili. Laptopu haina kalenda, na hiyo ndio hatari yake, unaweza kurekebisha modeli mpaka uoe na kuzaa.

Sasa idadi ya vipande. Hapa watu hawapapendi lakini mi ndio napaangalia kwanza nikisoma kitabu cha mtu, yaani ripoti ya projekti yake. Ukivunja kitu kimoja umepata namba, bado hujajua kitu kuhusu nyenzo. Chuma cha kawaida kikivutwa taratibu ni mpole, sampuli tatu zitakupa majibu yanayofanana. Uchovu si mpole, weldi mbili za fundi mmoja, siku moja, elektrodi za pakiti moja, mzigo ule ule, moja inaenda mapigo laki mbili nyingine laki tano na hakuna aliyekosea. Na tofali ndio kabisa, tofali ni kama glasi, nguvu yake inaamuliwa na ule ufa mbaya kuliko wote uliomo ndani, na kila tofali ina bahati yake.

Hiyo habari ya ufa mbaya ndio mlango wa fani nzima, acha niikae kidogo. Umewahi kuhangaika kufungua kaveera ya njugu kwa mikono, unavuta, unavuta, haitaki, alafu unaing'ata kidogo pembeni na inapasuka yenyewe mpaka mwisho, njugu zote chini? Plastiki ni ile ile na nguvu zako ni zile zile, kilichobadilika ni kale kamkato. Mwaka 1913 Mwingereza Inglis alipiga hesabu ya tundu kwenye bamba: tundu la duara linazidisha mkazo pembeni yake mara tatu, na tundu likiwa jembamba lenye ncha kali linazidisha zaidi na zaidi. Griffith naye, alikuwa Farnborough, Uingereza, kwenye mambo ya ndege, akachukua glasi, akavuta nyuzi za glasi nyembamba zaidi na zaidi, na akakuta kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokuwa na nguvu kwa kila milimita ya mraba ya eneo. Karatasi yake ilitoka 1921. Kitu kidogo hakina nafasi ya kubeba ufa mkubwa, ndio siri. Alafu Weibull, Mswidi, 1939 akaiwekea hesabu ya bahati: kitu ni kama mnyororo, kinakatika kwenye pete dhaifu kuliko zote, na mnyororo mrefu una nafasi zaidi ya kuwa na pete mbovu.

Kwa hiyo swali la Tofali, ambalo linaonekana la kijijini, ni swali la Griffith na Weibull lile lile, na udongo wake uko Mukono na Wakiso pembeni ya barabara. Unapanga nguvu kutoka ndogo mpaka kubwa, ya i kati ya n unaipa nafasi ya (i − 0.5)/n ambayo ni P, unachora ln(ln(1/(1−P))) dhidi ya ln ya mkazo, ukipata mstari ulionyooka mteremko wake ni m. Ekseli ya kompyuta inatosha (naongelea ile ya kupiga hesabu, si ya lori). m ikiwa ndogo tofali zako ni bahati nasibu, ikiwa kubwa zinafanana. Alafu inakuja ile sehemu ya kutabiri, na paneli ya watahini inapenda utabiri: kama Weibull yuko sawa, ukikata kipande kilicho nusu ya tofali kwa urefu na upana na kimo, ujazo umekuwa moja ya nane, na nguvu inatakiwa ipande mara 8 kwa kipeo cha 1/m. m ikiwa 5 hiyo ni mara 1.5 hivi, ikiwa 10 ni mara 1.23. Unatabiri kabla, unavunja, unaona. Ikikataa ni vizuri zaidi maana kuna sababu na we ndio utaitafuta. Mi nahisi itakataa kidogo, maana ukikata ndani ya tofali ya tanuri unakutana na moyo ambao moto haukufika vizuri, kwa hiyo udogo na kutoiva vinachanganyika, na kupanga jinsi ya kuvitenganisha ndio utafiti wenyewe.

Mashine ya hiyo kazi sasa. Weldi inataka mashine ambayo vyuo vingi wanayo moja, kama ipo, na foleni yake ni ya hospitali. Springi inataka msumeno, mashine ya kupima ugumu na maikroskopu ya vyuma. Tofali? Tofali inalala juu ya vyuma viwili vya mviringo, cha tatu kinasukuma katikati kutoka juu, basi. Chukua mfano, upana milimita 100, kimo 70, umbali kati ya vyuma 180, na tofali iachie kwenye mkazo wa megapaskali 1: hesabu ya mkazo ni 3FL/2bd² (F nguvu, L umbali kati ya vyuma, b upana, d kimo), inakupa nguvu ya niutoni 1800 hivi, sawa na kilo 185. Hizo ni jerikeni tisa za maji. Huna haja ya kuzipanga tisa, mtafute fundi wa Katwe akuchomelee mkono wa wenzo wa moja kwa tano, jerikeni mbili zinatosha, unaning'iniza tupu unafungulia maji kwa mpira polepole, mzigo unapanda bila kuruka, tofali ikisema "ta" unafunga bomba unapima jerikeni. Usisahau kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Kuna kijana alisahau, tofali zake zote zilikuwa dhaifu kuliko chapati.

Na stima ikikatika? Weldi inasimama, unaanza kujiuliza kama kusimama nako kumeharibu kitu. Springi unasubiri kesho. Tofali unaendelea, maji hayajui stima.

Kitu kingine ambacho vijana hawakiulizi ni kama swali limeshajibiwa. Kwenye Weldi kila mwaka naona mtu anataka kujua kama akitumia chuma cha gredi ya juu weldi itadumu zaidi. Jibu lipo kitambo, karibu hakuna tofauti. Weldi inapokutana na bamba, ule ukingo, kuna vijufa vidogo vimeshazaliwa na moto wenyewe, kwa hiyo maisha karibu yote ni ufa kukua na si ufa kuzaliwa, na ufa ukikua kwenye chuma cha bei na chuma cha kawaida mwendo unakaribiana. Ndio maana sheria za kudizaini weldi zinaangalia umbo la kiungo na tofauti ya mzigo wa juu na wa chini, nguvu ya chuma wanaiacha pembeni, na kanuni ya kichwani ni kwamba ukizidisha hiyo tofauti ya mzigo mara mbili, maisha yanagawanywa kwa nane. Waulize watu wa boda wanaofunga kerieri ya nyuma, wanabeba magunia mawili ya mkaa badala ya moja. Swali ambalo bado lina nyama ni lile la kusaga ukingo. Inajulikana kusaga vizuri kunasaidia, lakini kusaga kwa grainda ya mkononi, kwa jicho, chini ya mwembe, kunasaidia kiasi gani na kunaharibu wakati gani? Hilo ningelipenda sana kuliona likijibiwa hapa. Na mtu wa masta mwenye miaka miwili na mashine yake mwenyewe alichukue kesho.

Na nimkatishe tamaa mapema yule anayetaka kupima uwezo wa nondo kuzuia ufa usikimbie, ile namba ambayo Mmarekani Irwin aliiweka sawa 1957, kila mtu anaiita K. Kuna sharti la unene ili namba iwe ya nyenzo na isiwe ya kipande chako: unene usipungue 2.5 mara mraba wa (K kugawanya kwa mkazo wa chuma kuanza kujinyoosha). Weka K ya 100 (megapaskali mara mzizi wa mita) na mkazo wa megapaskali 300, ambazo kwa chuma laini si namba za kutia chumvi, unapata mita 0.278. Sentimita ishirini na nane za unene! Nondo nene utakayoikuta dukani mara nyingi ni milimita 32. Kuna njia ya mtafiti Rice ya 1968 ya kuzunguka hiyo shida, naiheshimu, lakini inataka vifaa na mikono ya mtu wa PhD.

Haya, Springi. Hapa ntakaa maana ndio mapenzi yangu, na ndio iliniokoa, ile tasnifu yangu ya weldi ilipita kwa sababu niliacha kuhesabu mapigo nikaanza kusoma nyuso za vipande vilivyokatika. Ukifika gereji Ndeeba uliza springi zilizokatika wiki hii, za zamani zimeshakula kutu na zimefuta maandishi. Ukipewa vipande viwili, mkono wako utataka kuviunganisha uone vinavyokaa, kila mtu anafanya hivo kama sahani iliyovunjika, USIFANYE, nyuso zikisuguana umefuta ushahidi. Usipige burashi ya waya. Osha na spiriti na burashi laini ya meno, kausha, funga kwa karatasi. Usiku zima taa, washa tochi ya simu uilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya uso kama jua la saa kumi na mbili, na hapo utaiona: sehemu moja laini imejaa mistari ya upinde, kama alama ambazo maji ya ziwa yanaacha kwenye mchanga yakirudi nyuma, na mistari yote inazunguka sehemu moja ndogo. Hapo ndipo ufa ulizaliwa. Upande wa pili uso umebadilika, una chembe na mikwaruzo, hiyo ni siku ya mwisho, chuma kilichobaki kimeshindwa kikaachia mara moja.

Sasa pima. Sehemu laini ikiwa kubwa na ile ya mikwaruzo ndogo, ina maana ilikuwa inabeba mzigo wa kawaida tu, ufa ulikula karibu chuma chote kabla ya kuachia. Ile ya mikwaruzo ikiwa kubwa, dereva alikuwa anapakia kupita kiasi, hata akiapa kwa jina la mama yake kwamba ni tani kumi tu. Mara nyingi utakuta mwanzo uko kwenye tundu la boliti ya katikati, na sasa unaelewa ile hesabu ya mara tatu ya tundu la duara inafanya nini kwenye barabara ya marum. Mara nyingine mwanzo ni kwenye ngozi ya juu. Na kuna zile za huzuni, springi ilikatika mwanzo, fundi akaichomelea. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6, ukikipiga moto wa weldi alafu kikapoa chenyewe kwenye hewa, pembeni ya weldi panakuwa pagumu na pakavu kama glasi, na springi inarudi gereji kabla hujamaliza kulipa deni la kwanza. Pima ugumu kutoka kwenye weldi kwenda nje kila milimita, chora, hiyo grafu moja inabeba sura nzima ya kitabu.

Kusoma uso si kazi ndogo. Daraja la Silver kule Point Pleasant, West Virginia, lilianguka mtoni Ohio tarehe 15 Desemba 1967, watu 46 wakafa, na waliookota vyuma mtoni wakakuta chanzo ni ufa kwenye jicho la chuma kimoja tu cha mnyororo, kina chake kama milimita mbili na nusu. Unene wa sarafu. Bila kusoma ule uso wangebishana mpaka leo.

Udhaifu wa Springi ni historia. Hujui ilibeba nini, kilomita ngapi, nani aliibadilisha, na gereji inakuletea zilizokatika tu, zile nzima ziko barabarani zinafanya kazi na huzioni. Kwa hiyo unaweza kujibu "kwanini hii ilikatika hapa", ukijaribu kujibu "springi zinadumu miaka mingapi Uganda" paneli watakuchana. Weldi na Tofali hazina hiyo shida kwa sababu mzigo ni wako, unaujua mpaka niutoni.

Laptopu sasa, nimeshikilia muda mrefu. Siidharau. Programu za bure zipo na ni nzuri, CalculiX, Code_Aster, huna haja ya kutafuta za wizi zinazokuja na virusi. Na hesabu za nyufa zimeenda mbali sana, tangu watafiti Francfort na Marigo 1998 kuna njia ambapo huuambii ufa upite wapi, unatafuta wenyewe njia ambayo nishati yake ni ndogo, unagawanyika, unapinda, ukiangalia video yake utapenda. Tatizo ni hili: kila mwaka naletewa kitabu kimeandikwa "mkazo mkubwa kwenye ncha ya ufa ni megapaskali 840", rangi nyekundu nzuri. Namwambia mtoto gawanya vipande vya meshi, vile vidogo ambavyo kompyuta inakatia chuma ili ipige hesabu, kwa nusu alafu rudia. Inatoka kama 1190. Gawanya tena, 1680. Haitasimama, hesabu ya ncha kali inapanda mara 1.41 kila ukipunguza meshi kwa nusu, mpaka laptopu ichoke. Hiyo namba ilikuwa ya meshi, chuma hakihusiki. Ukitaka kitu cha kweli unatoa K au nishati, na nishati ya kufungua ufa kwenye nyenzo yako utaipata wapi? Kwa kuivunja. Umerudi kwenye jerikeni.

Kuna watu watauliza kuhusu kutu ya nondo kwenye zege, mianzi, mbao za Ndeeba, bloku za intaloki. Kutu ni polepole kuliko hata uchovu, acha kama hujapewa miaka. Mianzi na mbao ni maswali mazuri ila kausha kwanza na upime unyevu, ukisahau unyevu umepoteza kila kitu. Intaloki za udongo na saruji zisizochomwa zinaingia kwenye swali la Tofali vizuri tu, na hazina moyo mbichi, ila ungoje siku 28 zikomae.

Nikipanga kwa mtu, inakuwa hivi. Kama una mwaka mmoja wa masomo na mfuko mwepesi, Tofali, sifikirii mara mbili. Kama unaishi karibu na gereji, unapenda kuangalia vitu kwa subira na kuna maikroskopu inayofanya kazi kweli (nenda uiwashe mwenyewe, usiamini orodha ya vifaa), Springi, na hiyo inakupa kazi baadaye kuliko zote, maana bima na wenye malori wanataka kujua nani alikosea. Weldi ni ya masta na kuendelea, na ukiichukua kiuno cha sampuli kiwe chembamba kuliko kichwa, weka kitu laini kati ya taya na chuma, vunja mbili za majaribio kabla ya kuanza kuhesabu, nilijifunza hayo kwa gharama ya ile rolex. Laptopu peke yake simpi mtu wa mwaka wa nne. Laptopu ikiolewa na Tofali, sawa, unavunja thelathini, unaipa kompyuta nishati uliyoipima, uone kama itatabiri zile ndogo.

Mpwa wangu alinuna kidogo. Akasema mjomba, wenzangu wanafanya droni, mi nibebe tofali? Nikamwambia niambie tofali ya upande wa nje wa tanuri na ya katikati zinapishana nguvu kwa kiasi gani. Hakujua. Nikamwambia fundi muashi anagonga mbili pamoja, ikilia "ngii" anaiweka kwenye ukuta, ikilia "dup" anaitupa, je hiyo sauti inasema ukweli kuhusu nguvu? Akanyamaza, alafu akauliza kama sauti unaweza kuirekodi na simu ukatoa frikwensi. Nikamwambia unaweza, frikwensi inapanda na ukakamavu na inashuka na uzito, jaribu.

Jumamosi anakuja na pikapu ya rafiki yake, tofali 70: thelathini za kuvunja nzima, thelathini za kukata, kumi za kuharibu. Nimemwambia akae pale pale tanuri linapobomolewa na aandike kwa chaki kila moja ilikuwa wapi, juu, katikati, chini, upande wa upepo. Akizileta hazina alama anazirudisha.